Ulawiti na Ridhaa: Upungufu wa Neno Moja

Katika matumizi ya kawaida ya Kiswahili, mwanamume aliyeingiliwa kwa nguvu na yule aliyepatana na mwenziwe huelezwa kwa kitenzi kimoja: kulawiti. Neno hili, lenye asili ya Kiarabu na linalohusishwa na kaumu ya Luti, hutaja tendo na kulilaani papo hapo. Halisemi kama aliyetendewa aliridhia. Kasoro hii si ya mtindo tu, bali inaficha dhuluma.

Huenda ikatolewa hoja kwamba vinyambuo vyatosha: mtenda hulawiti, mtendwa hulawitiwa. Lakini kauli ya kutendwa haionyeshi kulazimishwa. Mgeni hupokewa na mpenzi hupendwa bila ya kuonewa. Hata kulawitiana huonyesha kushiriki, si kuridhia. Maneno ya mitaani, basha na msenge, nayo hueleza nani alitenda na nani alitendwa. Hayaelezi nani alitaka.

Uzito wa jambo hili waonekana hata mbali na pwani. Huko Boito, katika nchi ya chai ya Bomet, Kikipsigis ndicho kinachozungumzwa nyumbani. Kiswahili huhitajika shauri linapotoka nje, kwa nyapara mgeni au kwa polisi. Mnamo Februari 2023, BBC ilitangaza uchunguzi ambamo wanawake zaidi ya 70 walieleza jinsi wasimamizi wa mashamba ya chai, Kericho na jirani zake, walivyowadhulumu kingono. Kwa dhuluma yao Kiswahili kina maneno: kubakwa, kunajisiwa, kudaiwa mwili ili kupewa kazi. Lakini achukuliwe, kwa mfano tu, kijana mchuma chai apendaye wanaume. Alimkubali nyapara mara ya kwanza. Mara ya pili alikataa, akatishwa kwamba atafukuzwa kazi na siri yake kutangazwa. Ataanza mashtaka kwa neno gani? Akisema "nililawitiwa", neno limekwisha kumhukumu yeye kabla ya nyapara.

Sheria nayo imejaa mgongano. Kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya humtia hatiani atendaye na pia aruhusuye, kwa kifungo cha hadi miaka 14. Pasipo ridhaa, adhabu ya mtenda hufikia miaka 21. Mahakama Kuu ilikidumisha kifungu hicho tarehe 24 Mei 2019. Kwa upande mwingine, Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 haibagui: mwanamume naye aweza kubakwa, na ridhaa ni kukubali kwa hiari, mtu akiwa na uhuru na uwezo wa kuchagua. Basi ridhaa ambayo sheria moja huilinda, nyingine huigeuza ungamo. Kijana yule akieleza ukweli wote, nusu yake yaweza kumfunga.

Dawa ya upande wa lugha haihitaji neno la kuazima. Kubaka litumike kwa mwanamume kama litumikavyo kwa mwanamke, na kulawiti lisitumiwe kamwe kuficha tofauti ya hiari na nguvu. Msemo kwamba kunyamaza ni kukubali nao uhakikiwe upya: kimya cha mtu aliye chini ya nyapara ni hofu. Watunga kamusi na wahariri hawawezi kufuta kifungu cha sheria. Lakini tafsiri ya neno ni kazi yao, na katika neno hili kazi hiyo haijakamilika.