Mizani ya Maneno: Kufasiri Maswali ya Maradhi ya Baipola kwa Watoto

Mwaka 2006 Mani Pavuluri na wenzake, huko Chicago, Marekani, walitangaza orodha ya maswali 21 ya kuwauliza wazazi habari za watoto wao, ili kubagua wale wanaostahili kuchunguzwa na daktari kwa maradhi ya baipola. Maradhi haya humpandisha mtu katika uchangamfu au harara iliyopita kiasi, iitwayo mania, na pengine humtupa katika huzuni nzito. Kila jibu hupewa alama kutoka 0 hadi 3, na jumla ndiyo itazamwayo. Daktari hupokea hesabu, lakini hesabu hiyo imetoka katika maneno. Kwa hiyo mwenye kuyafasiri kwa Kiswahili ameshika mizani, na akikosea, mtoto ndiye atakayepunjwa.

Tabu ya kwanza imo katika majibu yenyewe. Mfasiri akiandika "mara kwa mara" kwa ngazi ya tatu, wako watakaofahamu kwamba jambo hutokea moja moja, baada ya muda, na wengine kwamba halikomi. Wazazi wawili wenye watoto wa hali moja watatia alama mbalimbali, na tofauti hiyo haikutoka kwa watoto. "Mara nyingi" ni salama zaidi.

Tabu ya pili ni ya sarufi, nayo ni kubwa kuliko ya kwanza. Maswali yahusu mwezi uliopita. Mfasiri avutwaye na ufupi huandika, "Mtoto husema upesi." Lakini kiambishi hu- hutaja desturi. Mzazi wa mtoto aliye msemaji tangu utotoni atakubali. Mzazi wa mtoto mkimya, aliyebadilika wiki mbili tu zilizopita, huenda akakataa, kwa kuwa hiyo si desturi ya mwanawe. Hapo swali limemshika mzima na kumwacha mgonjwa. Afadhali urefu wenye haki: "Katika mwezi uliopita, je, mtoto amekuwa akisema upesi kuliko ilivyo kawaida yake?"

Tabu ya tatu ni ya maana. Mawazo yaendayo mbio ni dalili ya mania. Yakifasiriwa "ana mawazo mengi", Mswahili hasikii mbio. Husikia majonzi, kwani mwenye mawazo ni mwenye jambo linalomsumbua moyo. Kadhalika mtoto adhaniaye kuwa ana uwezo usio wa kawaida akiitwa "mwenye kujiona", swali limegeuka lawama. Mzazi anaulizwa juu ya malezi, wala si juu ya maradhi, naye atayatetea malezi yake.

Wataalamu wengi hufuata njia aliyoieleza Richard Brislin mwaka 1970: mtu wa pili huirudisha tafsiri katika lugha ya asili, kisha maandishi mawili yakalinganishwa. Ni kinga njema, ila haitoshi. "Mawazo mengi" yatarudi katika Kiingereza yakiwa salama machoni, na kosa halitaonekana. Wala kipimo cha Cronbach cha mwaka 1951 hakimalizi neno, maana huonyesha kama maswali yanakwenda pamoja, si kama yanakwenda yanakotakiwa. Yakipinda yote upande mmoja, yatapatana vizuri.

Basi jaribio la haki lina hatua mbili. Kwanza, mzazi aombwe kulieleza kila swali kwa maneno yake mwenyewe. Katika mahali kama Kilifi, ambako maswali ya tabia za watoto yamekwisha kujaribiwa, hatua hii ni ya lazima, kwani huko mzazi huweza kusomewa swali kwa Kiswahili na kulipima moyoni kwa Kigiriama. Pili, alama zilinganishwe na hukumu ya daktari aliyemchunguza mtoto bila kuziona alama hizo, na kiwango cha kutenga wagonjwa na wazima kipatikane hapo hapo, kisiazimwe Chicago. Kazi ya kwanza ni ya mwanalugha, ya pili ni ya mganga. Na wa pili akianza kabla ya mwenziwe kumaliza, atapima kwa uangalifu mkubwa kitu asichokijua.