King'ora kimwite nani?

Ukiunda kifaa cha kuombea msaada wa dharura, kihisio ndiyo kazi nyepesi. Kazi nzito ni kuamua nani apate taarifa, na huko Kisii na Nyamira, kwa Wagusii wa Kenya, uamuzi huo unaweza kuokoa mtu au kumwangamiza.

Baada ya moto kuteketeza sehemu ya Khayelitsha, Cape Town, Januari 1, 2013, timu iliyotoka Chuo Kikuu cha Cape Town ilibuni Lumkani, kifaa cha kugundua moto nyumbani. Haikutumia kihisio cha moshi. Penye majiko ya mafuta ya taa moshi haukosekani, na king'ora kinacholia kila chungu kinapoinjikwa hung'olewa betri mapema. Lumkani hupima kasi ya joto kupanda. Kimoja kikilia, vya majirani ndani ya mita 60 hulia pia. Msalaba Mwekundu ulikijaribu Nairobi. Kwa bibi wa Gusii anayepikia kuni kwenye mafiga, uamuzi wa kupima joto badala ya moshi unafaa kabisa.

Wasiwasi wangu uko kwa majirani. Programu ya simu iitwayo Usalama, ya Edwin Inganji na wenzake jijini Nairobi, nayo iliwategemea: ulitikisa simu mara tatu, na taarifa iliwafikia jamaa, watoa huduma za dharura na watumiaji wengine waliokuwa ndani ya mita 200. Mjini, mtu asiyekujua anaweza kukuokoa.

Sasa fikiria Marani, Kisii. Oktoba 2021 wanawake wanne wakongwe waliuawa huko na umati kwa tuhuma za uchawi. Mei 2008, watu wasiopungua 11 walichomwa moto Kisii kwa tuhuma kama hizo. King'ora cha mita 200 kingeweza kuwafikia wauaji kwanza.

Ramani haimwonyeshi mbunifu hatari hiyo. Inabidi aketi na mkongwe faraghani, wazungumze Ekegusii, lugha ya Wagusii, pasiwe na mwana wala mkaza mwana mlangoni, maana tuhuma nyingi zina ugomvi wa shamba nyuma yake. Amuulize: ukianguka usiku, umwite nani? Na wakija watu na viberiti, nani asijue kabisa kwamba umeomba msaada? Hapo zinapatikana orodha mbili: ya kuanguka, ambayo jirani anafaa, na ya kushambuliwa, ambayo ujumbe wake uende kimya kwa polisi, kwa binti aliye Nairobi, kwa mchungaji wa ng'ambo ya mto. Na mkongwe aweze kuzibadilisha mwenyewe kwenye kabambe yake, simu ya vitufe, bila kumpa mjukuu amshikie simu.