Volti sifuri kwa gharama yoyote

Tuzo ya dola milioni 1 ya Google na IEEE, ya inveta ndogo kuliko zote, ilikwenda Ubelgiji mwaka 2016, na sina ugomvi nayo. Red Electrical Devils wa kampuni ya CE+T walibana karibu wati 143 katika kila inchi ya ujazo ya inveta yao, kifaa cha kugeuza umeme wa DC kuwa AC, wakati sharti lilikuwa 50 tu. Kinachonikera hadi leo ni uamuzi wa timu nyingine kati ya zile 18 za fainali: chuo cha ETH Zurich, cha Profesa Johann Kolar, watu ambao hawakupaswa kuukosea.

Waliamua kwamba kila swichi ya GaN (galiamu nitridi), katika kila mzunguko, lazima iwashwe volti ikiwa sifuri. Mkondo wa koili ukafanywa pembetatu: unashuka, unavuka sifuri, unarudi nyuma kidogo ili ufyonze chaji iliyobaki kwenye swichi. Na kwa kuwa wimbi la AC halitulii, masafa ya kuwasha swichi yakalazimika kukimbizana nalo, kutoka kilohezi 200 hivi hadi karibu megahezi 1.

Sasa tazama bili. Kilele cha mkondo wa namna hiyo huzidi mara mbili ya wastani wake, na joto la waya hufuata mraba wa mkondo. Usumaku wa koili nao unayumba kwa upana wote, mzunguko hata mzunguko. Wakaigawa feraiti ya koili katika vipande vyembamba ili kutawanya mwanya wa hewa. Kumbe kuichonga kwenyewe huumiza uso wake na kuongeza hasara. Hata ikiwashwa kwenye sifuri, GaN haikosi kula chochote, na chochote hicho ukikizidisha kwa laki kadhaa kwa sekunde si kidogo tena. Ni kugombana na muuza mchicha juu ya shilingi mia, kisha kurudi nyumbani kwa teksi.



Mbinu yenyewe si mpya: Nathan na Alan Sokal, mwaka 1975, waliipata sifuri hiyohiyo kwa transista moja, kwenye vikuza mawimbi vyenye mzigo unaojulikana. Hapo rezonansi, mtetemo wa koili na kapasita unaoishusha volti hadi sifuri, iko nyumbani. Wahandisi vijana wanaoshabikia megahezi wameichukua wakaipeleka kila mahali, na majarida yanawapigia makofi.

Ushahidi umetoka Zurich kwenyewe. Inveta yao ya pili iliacha kukimbizana na wimbi: kilohezi 140, basi, na karibu na kilele swichi zikawashwa zikiwa bado na volti. Msongamano wa nguvu ukaruka kutoka wati 135 hivi hadi 240 kwa inchi ya ujazo, na ufanisi haukushuka, ulipanda.

Waandaaji nao wana lao. Shindano lao, pamoja na jaribio la saa 100 katika maabara ya NREL, Colorado, lilituza udogo, likaacha umri wa kifaa. Ukitangaza kwamba mshindi ni mdogo kuliko wote, usishangae mafundi wakiwinda sifuri na kusahau kujumlisha hasara.