Kuchukua, Kushika na Kukabidhiwa

Mwaka 2022 Gladys Wanga alimrithi Cyprian Awiti katika ugavana wa Homa Bay, na Ochilo Ayacko akamrithi Okoth Obado kule Migori. Juu ya mabadiliko ya namna hii husikika sana "kuchukua usukani", ambayo ni tafsiri sisisi ya usemi wa Kiingereza. Kuchukua, kwa asili yake, ni kubeba: mpagazi huchukua mzigo. Maana ya kutwaa imekwisha kuenea, wala hatuwezi kuikana. Lakini usukani haubebwi. Hushikwa, na mvuvi wa Mbita au Muhuru hahitaji kufunzwa hayo. Wapo watakaokilaumu Kijaluo na kitenzi chake kawo. Basi mbona Nairobi nako husemwa vivyo hivyo? "Kushika hatamu", japo hatamu ni ya farasi, kuna mizizi zaidi, hasa Tanzania, ambako Chama kilisemwa kushika hatamu tangu enzi za TANU.

Linalonikera ni jingine. Katika vitenzi hivi vyote mtendaji ni gavana; mpiga kura hatajwi. "Kukabidhiwa" humlazimu msikilizaji kuuliza aliyekabidhi ni nani, nasi kitenzi hicho tumewaachia washereheshaji wa siku ya kiapo.