Mwezi katika Nyimbo za Kimarekani

Miongoni mwa nyimbo za Kimarekani zilizoenea, zile zitajazo mwezi ni nyingi, na mwalimu atafutaye zoezi la kufasiri huvutwa nazo upesi, kwa kuwa maneno yake ni machache na mepesi. Wepesi huo ni wa juu tu. Tukizifasiri kwa uangalifu twaona kwamba katika nyingi mwezi wenyewe haumo; limo jina lake.

Sababu ya kwanza ni vina. Kwa Kiingereza mwezi ni "moon", na jina la mwezi wa sita, "June", lina sauti ile ile mwishoni. Basi watungaji waliyafunga maneno haya pamoja mara nyingi, hata Wamarekani wenyewe wakayafanyia mzaha. Wimbo wa Gus Edwards na Edward Madden wa mwaka 1909, "By the Light of the Silvery Moon", umejengwa juu ya sauti hiyo. Sasa mwanafunzi afasiri. Akiandika "mwezi wa Juni", msomaji wa Kiswahili ataelewa siku thelathini, wala hataona nuru yo yote. Na penye fungate, ambayo kwa Kiingereza jina lake lina mwezi ndani yake, fungate yetu ni siku saba tu. Hilo si kosa la mfasiri. Wimbo ulikuwa umeegemea kina, na kina kimeondolewa.

Jambo la pili ni zito zaidi. Waswahili huutaja mwezi pamoja na hali yake: kuna mwezi mwandamo, kuna mwezi mpevu, na nuru yake ni mbalamwezi, wavuvi hujua kwa huo bamvua na maji mafu. Mvuvi wa dagaa avuaye kwa taa haupendi mwezi mpevu hata kidogo, maana maji yote yakiwa na nuru dagaa hawakusanyiki penye taa yake. Katika nyimbo hizi mwezi hauna tarehe. Hutundikwa kama taa wakati wapendanao wanapouhitaji.

Hata "Shine On, Harvest Moon", wimbo wa mwaka 1908 wa Nora Bayes na Jack Norworth, ni hivyo. Jina lake lina elimu ya wakulima: mwezi wa mavuno ni ule mpevu ulio karibu na 22 au 23 Septemba, usiku na mchana vinapolingana, nao katika nchi za kaskazini huchomoza mara baada ya jua kuchwa kwa siku kadha mfululizo, hata wavunaji waliweza kuendelea na kazi. Lakini katika wimbo hapana mundu wala mganda. Yupo msichana aogopaye giza, na kijana auombaye mwezi uangaze ili mwenzake asiondoke. Walakini wimbo waanza na mwezi ukataao kuangaza, na hilo lautia uhai ambao wenzake hawana.

"Blue Moon" una habari ya ajabu. Sauti yake, aliyoitunga Richard Rodgers, ilikwisha kupewa maneno mengine, na katika sinema ya mwaka 1934, "Manhattan Melodrama", iliimbwa bila mwezi wo wote. Mchapishaji akataka maneno yatakayopendwa zaidi, na Lorenz Hart akauleta mwezi. Rangi ya buluu kwa Kiingereza ni huzuni. Kwetu ni rangi tu. Aandikaye "mwezi wa buluu" amepaka rangi, hakufasiri.

Ulio bora kwangu ni "It's Only a Paper Moon" wa mwaka 1933, wa Harold Arlen, E. Y. Harburg na Billy Rose. Wapiga picha wa Marekani walikuwa na desturi ya kuwakalisha watu juu ya mwezi wa karatasi. Wimbo huu wakubali wazi kwamba mwezi wake ni wa namna hiyo, kisha wasema kuwa mpenzi akiamini, uwongo wake waondoka. Huu wafasirika vizuri, kwa maana hauegemei sauti ya neno ila fikira.

Mwaka 1954 Bart Howard alitunga wimbo akauita "In Other Words", yaani kwa maneno mengine. Watu wakashika maneno yake ya kwanza, wakauita "Fly Me to the Moon", na jina hilo likabaki. Lile la asili lafaa zaidi: mwimbaji asema jambo la mbali, kisha alieleza kwa neno fupi la mapenzi. Mfasiri na alishike hilo, kwa kuwa "Nirushe mwezini" lasikika kama abiria amwamuruye rubani.