Kipimo cha Baruti na Mkono wa Mpigaji

Anayepiga bunduki ya kawaida hununua risasi iliyokwisha kufungwa kiwandani. Baruti iliyomo ilipimwa na mtu asiyemjua, na yeye kazi yake ni kulenga. Mwenye gobore hana msaada huo. Humimina baruti mdomoni mwa mtutu, hutia risasi, hushindilia kwa fimbo iitwayo mdeki, hupachika fataki, na yote hayo huyarudia kwa kila pigo. Kwa miaka mingi nimewastahi watu wanaofanya kazi hiyo vizuri, na sababu kubwa ni utulivu wao.

Huko Marekani ufundi huu umeshika mizizi. Chama cha kitaifa cha wapigaji magobore kilianzishwa mwaka 1933, na mashindano yake hufanyika Friendship, mji mdogo wa Indiana. Majimbo mengi yana msimu maalumu wa kuwinda kulungu kwa silaha hizi. Wawindaji walizoea nakala za bunduki za karne ya 19, zenye jogoo ubavuni, mpaka Tony Knight, fundi wa Missouri, alipotoa gobore lake la MK-85 mwaka 1985. Katika MK-85 fataki imekaa nyuma kabisa ya baruti, kwenye mstari mmoja na mtutu, hivyo moto hauna kona ya kupita. Magobore mengi ya kisasa yanafuata mtindo huo.

Chuma kilipokuwa imara, tamaa nayo ikaja. Baadhi ya bunduki hizi zimeruhusiwa na watengenezaji wake kubeba hadi greni 150, yaani vidonge vitatu vya baruti vya greni 50 kila kimoja. Wapo wanaoanzia hapo hapo juu. Mpigaji hodari haanzii hapo. Huanza chini, hupiga risasi chache kwenye karatasi ya shabaha, husafisha mtutu, huongeza kidogo, kisha hupiga tena na kutazama matundu yanavyokaribiana. Kila mtutu una kiasi ambacho matundu husongamana, ukikipita, hutawanyika. Zaidi ya hapo baruti nyingine hutoka mdomoni bila kuungua, bega linaumia, na mwendo wa risasi hauongezeki kwa kiasi cha kustahili hasara hiyo. Kusimama kwenye greni 90 huku kitabu cha mtengenezaji kinaruhusu 150 kunahitaji moyo, na ndipo ninapomtambua fundi.

Kupima kwenyewe kuna mtego. Baruti nyeusi na zile zilizobuniwa kuiga kazi yake hupimwa kwa ujazo wa kikombe cha kipimo, hazipimwi kwa mizani. Pyrodex, mojawapo ya hizo za kuiga, ni nyepesi kuliko baruti nyeusi, kwa hiyo atakayeweka greni 100 za mizani atakuwa amezidisha dozi kwa kiasi kikubwa. Triple Seven, nyingine ya kuiga, ina nguvu zaidi, na watengenezaji wake wanaagiza ipunguzwe kwa asilimia 15 inapochukua nafasi ya baruti nyeusi. Baruti isiyo na moshi, ile ya risasi za kisasa, ni marufuku katika gobore lolote ambalo halikuundwa kwa ajili yake. Savage 10ML ni mojawapo ya zilizoundwa hivyo. Katika gobore lisiloundwa hivyo, kikombe kimoja cha baruti hiyo kinaweza kupasua mtutu mbele ya uso wa mpigaji.

Sehemu ninayoipenda kuliko zote ni mdeki. Mpigaji mwangalifu huuingiza kwenye mtutu mtupu na kuchora alama pale unapokutana na mdomo wa mtutu. Akishashindilia dozi yake ya kawaida, huchora alama ya pili. Tangu siku hiyo mdeki humwambia ukweli. Alama ya pili ikibaki juu ya mdomo, ama risasi haijafika chini au ameshindilia mara mbili. Ikizama ndani, baruti imepungua au haimo kabisa. Risasi lazima ikae juu ya baruti bila pengo, kwa maana pengo hugeuza risasi kuwa kizuizi, na mtutu huvimba au kupasuka. Mistari miwili tu kwenye fimbo, na imeokoa vidole na macho.

Fundi hamimini baruti kutoka kwenye chupa moja kwa moja hadi mtutuni, maana cheche iliyobaki ndani inaweza kuwasha chupa nzima mkononi. Hutumia kipimo kidogo. Fataki huja mwisho kabisa, bunduki ikiwa imeelekezwa mahali salama. Gobore likigoma kulia, hulishikilia likiwa limeelekea shabaha kwa dakika nzima au zaidi, kwa kuwa moto unaweza kuchelewa. Jioni huosha mtutu, kwa sababu mabaki ya baruti nyeusi huvuta unyevu na kula chuma.

Ukikabidhiwa gobore, la urithi au la duka, usiamini neno la aliyekukabidhi kwamba ni tupu. Hakikisha halina fataki, uelekeze mdomo mahali salama, ingiza mdeki, kisha ulinganishe kina chake na urefu wa mtutu kwa nje. Halafu tafuta kitabu cha mtengenezaji, usome dozi yake ya juu kabisa, na uanzie chini yake.