Kilichoiboresha Wiski, na Kinachokosekana kwenye Gongo

Mpika gongo wa Handeni, mkoani Tanga, na mpishi wa wiski wa Uskoti wanafanya kazi ileile. Kila mmoja ana kimiminika kilichochacha, moto chini yake, mrija juu yake, na maji ya baridi ya kuugeuza mvuke kuwa matone. Wanachotofautiana zaidi ni muda. Mmoja ana ruhusa ya kuchelewa, mwingine anapika akisikiliza kama kuna gari linakuja. Nimefuatilia kwa karibu namna viwanda vya wiski vilivyopandisha ubora wake, na kila ninapochimba nakuta jambo hilohilo: mahali fulani kuna mtu aliyepata, au aliyepewa, saa za kutosha.

Historia yenyewe inalionyesha hilo vizuri kuliko maelezo yangu. Mwishoni mwa karne ya 18, serikali ya Uingereza iliamua kuvitoza viwanda vya nyanda za chini za Uskoti kodi kwa ukubwa wa mtungi wa kupikia, bila kujali kimetoka kiasi gani. Wenye viwanda walipiga hesabu haraka. Kama kodi ni ya mtungi, basi faida iko kwenye kuupika mtungi huohuo mara nyingi kadiri inavyowezekana. Wakaunda mitungi mipana yenye kina kifupi kama sinia, inayochemka na kumalizika kwa dakika chache tu, mchana na usiku. Pombe iliyotoka ilikuwa chungu, ya kuunguza koo. Wakati huohuo, kule milimani, watu waliokuwa wakipika kwa siri kwenye mitungi midogo walifanya kazi polepole, na wiski yao ndiyo iliyosifiwa. Mfalme George wa Nne alipotembelea Edinburgh mwaka 1822 aliulizia wiski ya Glenlivet, ambayo wakati huo ilikuwa bidhaa ya magendo.

Mwaka uliofuata, 1823, ikatungwa sheria mpya. Leseni ikawa pauni 10 kwa mwaka, ushuru wa kila galoni ukapunguzwa kwa zaidi ya nusu, na kodi ikahesabiwa kwa pombe iliyotoka. Hapo kupika haraka kukapoteza faida yake. George Smith wa Glenlivet alichukua leseni mwaka 1824, na majirani zake waliobaki kwenye magendo wakatishia kumchomea kiwanda, hata akalazimika kutembea na bastola mbili. Wakati sheria hiyo inatungwa, inasemekana mitambo ya magendo ipatayo 14,000 ilikuwa ikikamatwa kila mwaka. Kufikia 1834 idadi ilishuka hadi 692. Watu walewale, maji yaleyale, shayiri ileile. Kilichobadilika ni kwamba sasa mtu angeweza kuketi kando ya mtambo wake asubuhi hadi jioni bila hofu.

Anapoketi hapo, anafanya nini? Hapa ndipo penye ufundi wenyewe.

Alikoholi tunayoitafuta huchemka kwenye nyuzi joto 78 hivi, maji kwenye 100. Lakini pombe iliyochacha ina vitu vingine vingi. Vile vyepesi hutangulia, vyenye harufu kali ya kuchoma pua, kama ile ya gundi au rangi ya kucha. Vizito hufuata mwishoni, vyenye mafuta na harufu ya kitambaa kilicholowa. Kilicho kizuri kiko katikati. Mpishi wa wiski hupika mara mbili, na katika mara ya pili hukaa mbele ya kisanduku cha kioo kilichofungwa kufuli, ambamo pombe hupita ikitiririka. Humo ndani kuna kipimo kinachoelea cha kuonyesha nguvu. Huchanganya pombe kidogo na maji na kuitazama: ikiwa bado inakuwa na ukungu, vitu vya mwanzo havijaisha. Ikibaki angavu, anageuza bomba lielekee kwenye tangi la pombe njema. Saa chache baadaye, nguvu ikishuka kutoka asilimia 70 na kitu hadi karibu na 60, kila kiwanda kwa namba zake, anageuza tena. Mwanzo na mwisho havimwagwi. Hurudishwa kupikwa pamoja na mzigo unaofuata.

Watu wa Korogwe, jirani na Handeni, wanaujua utaratibu wa aina hii kutoka kwenye mkonge. Jani likipita kwenye korona, mashine ya kuchakata mkonge, hutoka singa, yaani nyuzi, kiasi cha asilimia 4 tu ya uzito wake, na singa hizo huoshwa, huanikwa, hupigwa brashi na kupangwa kwa madaraja. Anayechanganya singa fupi zenye madoa na zile ndefu nyeupe anaishusha bei ya mzigo mzima. Gongo linalokingwa kwenye dumu moja kuanzia tone la kwanza hadi la mwisho limepita bila kupangwa madaraja. Na mpishi wake ana sababu: kila lita anayoitenga ni hela anayoiacha, na ni muda zaidi wa kukaa karibu na moshi unaoonekana kutoka mbali.

Lazima niseme jambo hapa kuhusu sumu, maana linazungumzwa vibaya hata na watu wenye elimu. Wengi wanaamini kwamba methanoli, ile inayopofusha na kuua, hutoka yote mwanzoni, hivyo ukimwaga kikombe cha kwanza umesalimika. Sivyo. Ni kweli methanoli ikiwa peke yake huchemka mapema, kwenye nyuzi 64.7, lakini ikiwa imechanganyika na maji na alikoholi hutoka kidogo kidogo tangu mwanzo hadi mwisho. Habari njema ni kwamba miwa, mahindi na mtama vikichacha huzalisha methanoli ndogo mno. Vifo vya halaiki tunavyovisikia, kama vya Kabale nchini Uganda mwaka 2010 ambako walikufa watu wapatao 80, huletwa na methanoli ya viwandani iliyoingia kwenye pombe, mara nyingi kwa kuongezwa na muuzaji anayetaka ukali wa bei nafuu. Hakuna ustadi wa kupika unaoweza kuiondoa hiyo. Dawa yake ni maabara, lebo na mnyororo wa mauzo unaojulikana, vitu ambavyo biashara ya kujificha haiwezi kuwa navyo. Sumu nyingine isiyotajwa sana ni risasi, inayotoka kwenye viungo vya kulehemu na rejeta za magari zinazotumika kupoozea mvuke.

Turudi nyuma kidogo, kabla ya moto. Ubora wa pombe kali huanzia kwenye kuchachisha, na hapa kuna mfano wa karibuni ninaoupenda sana. Kiwanda cha GlenAllachie kilijengwa mwaka 1967 ili kitoe wiski ya kuchanganywa na nyingine, na kwa miaka mingi hakuna aliyekitaja kwa jina. Mwaka 2017 Billy Walker na wenzake wakakinunua. Kilikuwa na uwezo wa kutoa lita milioni 4 kwa mwaka. Wakapunguza uzalishaji kwa kiasi kikubwa mno, na nafasi iliyopatikana wakaitumia kuacha pombe ichache kwa saa 160. Viwanda vingi huishia kwenye saa 50 au 60. Hamira humaliza sukari mapema, ndiyo, lakini baada ya hapo bakteria wa asidi ya laktiki huanza kazi yao, na kutokana nao huja harufu za matunda ambazo hakuna mtungi wala pipa litakaloziongeza baadaye. Ni uamuzi wa gharama: tangi limekaliwa karibu wiki nzima kwa mzigo mmoja.

Wanaotengeneza boha, pombe yetu ya miwa, wana ujuzi huu mikononi. Wanajua kwa harufu siku ambayo miwa imechacha vya kutosha na siku ambayo imepitiliza. Juisi ya miwa iliyokamuliwa vizuri ina sukari ya kutosha kufikisha kileo cha asilimia 7 au zaidi, kiwango kisicho mbali na kile kinachoingia kwenye mtungi wa wiski. Kwa malighafi, Korogwe haina upungufu. Rumu ya visiwa vya Karibi na kashasa ya Brazil zimetoka kwenye mmea huohuo.

Upungufu uko kwenye chombo, moto na maji. Mitungi ya wiski ni ya shaba, na shaba hiyo ina kazi. Hunasa misombo ya salfa ambayo hamira huizalisha, ile inayonukia yai lililooza au kabichi iliyochemshwa. Kadiri mvuke unavyogusana na shaba kwa muda mrefu, ndivyo pombe inavyosafika. Ndiyo maana shingo za mitungi ya Glenmorangie zimepanda zaidi ya mita 5: mvuke mzito hushindwa kufika juu, hurudi chini, hupikwa tena. Pipa la chuma halifanyi hivyo. Moto nao ukizidi husukuma vitu vizito vipite pamoja na vyepesi, kwa hiyo viwanda vingi vya Uskoti viliacha makaa ya mawe chini ya mtungi na kutumia mvuke unaodhibitiwa kwa valvu. Kuni hazina valvu. Lakini Korogwe ina jibu lililo karibu zaidi ya inavyofikiriwa: mtambo wa Hale ulionyesha kwamba taka za mkonge zinaweza kutoa gesi ya kuzalisha umeme, na moto wa gesi unaongezwa na kupunguzwa kwa kidole.

Maji ni tatizo la Handeni zaidi. Kupooza mvuke kunahitaji maji mengi yanayopita bila kukoma. Maji ya kupoozea yakishapata moto, mvuke haugeuki wote kuwa matone, na unaopotea kwanza ni ule wenye harufu nzuri. Wilaya ambayo sehemu kubwa ya watu wake wametegemea bomba refu kutoka mto Pangani haiwezi kuyachezea maji namna hiyo. Kiwanda halali cha Handeni kingelazimika kuyazungusha na kuyapoza maji yaleyale. Kwa mtazamo wangu, kituo cha kupikia kingefaa kiwe upande wa Korogwe, karibu na mto.

Kuhusu sheria, Afrika Mashariki imejaribu zaidi ya mara moja. Uganda ilipitisha Sheria ya Enguli, gongo la kwao, mwaka 1965: wapishi wa vijijini wapike kwa leseni, kisha wauze kwa Uganda Distilleries, kampuni ya serikali, ambayo ingeisafisha kwa kuipika upya na kuifunga kwenye chupa kwa jina la Uganda Waragi. Kwa upande wa kiwanda, mpango ulizaa kinywaji safi kinachojulikana hadi leo. Kwa upande wa kijiji haukufika mbali, kwani wapishi wengi waliendelea bila leseni. Tanzania ina sheria ya mwaka 1966 inayohusu utengenezaji wa pombe ya moshi, na mtu akikutwa na mtambo bila kibali ana kesi. Kenya ilihalalisha chang'aa, gongo la kwao, mwaka 2010 kwa masharti ya leseni na lebo, ila mpishi wa kawaida hakuyamudu, na mwaka 2014 makumi ya watu wakafa tena kwa pombe yenye methanoli. Mwaka 2017 sisi tulipiga marufuku viroba, hatua niliyoiunga mkono na bado naiunga mkono, maana kifuko cha bei ya chini kilikuwa kimefika hadi mikononi mwa watoto wa shule. Lakini marufuku ya viroba haikugusa mtambo wa porini.

Nikizilinganisha hizi na ile ya 1823, naona kilichowasaidia Waskoti ni kwamba leseni ilikuwa ndani ya uwezo wa mkulima mdogo, ushuru haukumkamua, na msako dhidi ya waliobaki nje ukakazwa wakati huohuo. Uganda na Kenya zilitoa ruhusa bila kumpa mpishi mdogo njia ya kuifikia. Ushirika ungeweza kuziba pengo hilo. Wakulima wa mkonge wa Korogwe wanauza kupitia vyama vyao vya ushirika, AMCOS, na sioni kwa nini wakulima wa miwa wasiwe na mtambo mmoja wa shaba, mpishi mmoja aliyefunzwa, na sampuli ya kila mzigo inayopelekwa kupimwa kabla haijatoka getini.

Halafu kuna suala la mbao. Tangu 1915 sheria ya Uingereza ilitaka wiski ikae miaka 2, na mwaka uliofuata ikawa 3, ndani ya mapipa. Pipa la mwaloni huchangia rangi, utamu na harufu, na huruhusu hewa kupenya taratibu. Viwanda kadhaa vilivyodorora miaka ya 1980 viliponea kwenye mbao: mapipa yaliyochoka yakatupwa au kufanyiwa ukarabati. Marehemu Jim Swan, mtaalamu wa wiski, alisambaza mbinu ya kulikwangua ndani pipa la mvinyo, kulikausha kwa moto na kuliunguza upya. Yeye pia alikisaidia kiwanda cha Kavalan cha Taiwan, kilichoanza kupika mwaka 2006, kuthibitisha kwamba joto hukomaza pombe kwa haraka zaidi. Gharama yake ni kwamba Uskoti hupoteza kwa mvuke takriban asilimia 2 ya pipa kwa mwaka, na nchi za joto hupoteza mara kadhaa ya hiyo. Bonde la Korogwe lina joto la namna hiyo, kwa hiyo pipa lingejazwa, lingeonjwa kila baada ya miezi michache, na lingefunguliwa mapema kuliko la Uskoti.

Mwaloni hatuna. Wabrazili walikuwa na shida hiyohiyo na wakaikomaza kashasa kwa miti ya kwao, kama amburana. Kwetu itabidi kuanza na vipande vya mninga, mvule na mtiki wa shamba la miti la Longuza, vikilowekwa kwenye pombe ya nguvu moja, kila chupa ikiandikwa mti na tarehe, na mkemia akiangalia kwanza ni mti upi unaotoa kitu kisichofaa kunywewa.